Kuzuka kwa tabia mpya si kujitambua

Ndugu, umeuliza: mashine ikifanya mambo ambayo walioiunda hawakuyaandika, je, si dalili kwamba imeanza kujitambua? Kwangu hayo ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1970 mwanahisabati John Conway alibuni mchezo wa vyumba vya mraba, kila kimoja kikiwa hai au kimekufa, kwa kanuni chache tu za kuhesabu majirani. Humo hutokea umbo la vyumba vitano linalotambaa kimshazari, ingawa hakuna kanuni hata moja inayotaja kutambaa. Mchwa nao hujenga kichuguu chenye njia za hewa bila yeyote kati yao kuwa na ramani. Jambo jipya limezuka kweli kweli, lakini hatusemi kichuguu kinajijua.

Mashine zinazoongea zinatatiza zaidi kwa sababu zimefunzwa kwa maandishi ya watu, na watu huandika "nahisi" kila siku. Mashine ikisema "najitambua", kauli hiyo peke yake haithibitishi kitu. Hata ELIZA, programu ya Joseph Weizenbaum ya mwaka 1966, iligeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, na bado watu waliifungulia mioyo yao!

Sisemi haiwezekani kamwe. Ila tuchunguze yanayoendelea ndani ya mashine: je, inaweza kueleza kwa usahihi hali yake yenyewe, hali ambayo haikuisoma popote? Ikifanya hivyo tena na tena, hapo nitaanza kusikiliza kwa makini.