Jibu: Boriti ya chini kuoza baada ya kuta kupigwa plasta ya saruji

Unauliza kwa nini boriti ya chini, ile mbao ya mlalo inayobeba nguzo za ukuta, inaoza katika nyumba yako ya zamani tangu kuta zilipopigwa plasta ya saruji. Mchawi wako ni hiyo saruji. Nyumba za shamba za Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, za karne ya 15, kama hiyo yako, zilijengwa kwa fremu ya mwaloni mbichi, mbao zikiungwa ulimi ndani ya tundu, zikakazwa kwa vigingi vya mbao. Mbao hizo hutanuka na kusinyaa kila msimu. Udongo uliokandikwa kwenye fito hucheza nazo. Saruji haichezi, inaachana nazo. Tazama ukingoni, plasta inapokutana na nguzo: kuna ufa mwembamba kama uzi. Mvua huingilia hapo, hushuka hadi boriti ya chini na kukosa pa kutokea.

Bandua saruji kwa patasi ndogo, si kwa mashine. Dunga boriti kwa bisibisi: ikizama milimita chache tu, mara nyingi kiini bado kizima, usikimbilie kuibadilisha. Piga chokaa iliyoroweshwa, sehemu 1 kwa mchanga 3, pamoja na manyoya ya mbuzi, kila tabaka milimita 10 hivi, na kamwe si siku za barafu. Udongo wa nje uliopanda hadi kwenye boriti uchimbwe ushuke. Ikiwa nyumba imeorodheshwa kama urithi, kibali cha halmashauri kwanza, patasi baadaye.