Watume sokoni kwanza

Mwalimu, kama kidato cha pili wako wote wanaanza insha na "Hapo zamani za kale", achana na kichwa cha insha kwanza. Mimi hapa Mbeya niliwatuma wangu Jumamosi soko la Mwanjelwa, kila mmoja anase sentensi tatu za watu, asizinyooshe. Jumatatu binti mmoja akaja na hii: "Mama, hiyo lumbesa ukiifungua, utaishona mwenyewe." Lumbesa ni lile gunia lililojazwa kupita mdomo, likashonwa juu. Darasa zima kicheko. Nikasema haya, andikeni kilichofuata, ukurasa mmoja, marufuku neno "alikasirika". Hasira tuione mikononi. Kalamu nyekundu weka kando, tahajia ni ya rasimu ya pili. Na wasomeane wawili wawili, usije ukabeba madaftari 80 nyumbani.