Kwa nini gati likaguliwe chini ya maji

Umeuliza kwa nini gati likaguliwe chini ya maji ilhali sakafu yake ya juu bado ni nzima. Katika bandari kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako maji ya bamvua (maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, sehemu ya nguzo inayolowa na kukauka kila siku hupata chumvi na hewa kwa pamoja. Chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, kisha zege hupasuka na kubanduka. Ufa mwembamba wenye michirizi ya kutu usipuuzwe hata kidogo, na kuuziba juu juu bila kuondoa zege lililojaa chumvi ni kuficha ugonjwa. Kwa nguzo za chuma, mzamiaji akwangue makombe yaliyoganda, apime unene wa chuma uliobaki, na aangalie vipande vya zinki au alumini vilivyofungwa ili viliwe na kutu badala ya nguzo. Achunguze pia kama rafadha (panga zinazoisukuma meli) zimechimba mchanga kwenye kitako cha gati. Vipimo vyote vihifadhiwe kwa namba ya kila nguzo, ili mkaguzi ajaye aweze kulinganisha.