Ukiambiwa uvunjike mguu, sema asante

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza nahau za Kiingereza. Nimechagua sita, nyingine zingoje.

Kabla sijaingia kwenye usaili, dada wa mapokezi aliniambia "break a leg". Nilinyamaza lakini iliniuma. Nilimkosea nini? (Msomaji, Morogoro)

Hukumkosea kitu, alikuwa anakuombea heri. Nahau hii ni ya waigizaji wa jukwaani, ambao huamini kwamba ukimtakia mwenzako mafanikio waziwazi unamtia nuksi. Basi wanageuza: wanamtakia balaa ili balaa lidanganyike lipite. Wajerumani wamezidi, wao hutakiana kuvunjika shingo na mguu kwa pamoja. Tusiwacheke. Bibi zetu wa pwani nyoka wa usiku walimwita kamba, na hata leo mtoto mnono hasifiwi mbele ya watu bila mtu kutanguliza mashallah. Ukiambiwa tena, jibu asante uingie ndani. Ila wewe usimwambie mtu anayetembelea magongo.

Mwalimu wetu alisema "at the eleventh hour" ni saa tano usiku, yaani saa moja kabla siku haijaisha. Rafiki yangu anabisha. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Mombasa)

Maana mnayo wote wawili: ni dakika za mwisho kabisa, mlango unakaribia kufungwa. Kwenye saa ndipo mwalimu alipoteleza, na si yeye peke yake, maana hata wenye lugha yao wengi wanadhani hivyo hivyo.

Nahau hii imetoka Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja anawakuta wengine wamesimama tu, hawana kazi. Jioni kila mmoja analipwa dinari moja, na wale wa alfajiri wananung'unika kwamba hawa wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu. Piga hesabu: saa kumi na moja, wakafanya kazi saa moja, ikafika saa kumi na mbili, jua likazama. Hesabu ya hadithi inaanza jua linapochomoza, sawasawa na yetu. Mwingereza anayeanza kuhesabu usiku wa manane inabidi asimame kwanza aelezwe. Wewe unaona moja kwa moja: vivuli virefu, majembe yanakusanywa, na huyu ndiyo kwanza anaajiriwa. Nahau ni yao lakini saa ni yetu, na mimi jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Baba mkwe wa bosi wangu, ambaye ni Mwingereza, amefariki. Kamusi yangu inasema "kick the bucket" maana yake ni kufa. Niitumie kwenye kadi ya rambirambi? (Msomaji, Arusha)

Ndugu yangu, weka kalamu chini! Kamusi haikukudanganya, imekuficha tu upande wa adabu. Ni sawa na kumwandikia mfiwa, "Pole sana, nimesikia mzee amekata kamba." Ni neno la vijiweni tangu zamani, na limo katika kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndoo yenyewe si ya maji. Katika lahaja za zamani neno hilo lilikuwa pia jina la boriti ambalo nguruwe wa kuchinjwa walitundikwa, wakalirushia mateke ya mwisho. Sasa fikiria picha hiyo kwenye kadi yenye maua. Andika "passed away", au "sorry for your loss" tu.

Kwenye mkutano wa video, mkuu wa ofisi yetu ya Marekani alisema "let's table it". Nikafungua faili nikaanza kueleza, wote wakanikodolea macho. (Msomaji, Nairobi)

Ulimsikia kwa sikio la Kiingereza cha Uingereza, ambako maana yake ni kulileta jambo mezani lijadiliwe. Bunge la Tanzania liko upande huo: huwa kuna hati za kuwasilisha mezani, na haziwekwi hapo zisahaulike. Marekani maana imepinduka, ni kuliweka jambo kando hadi siku nyingine. Usione haya. Winston Churchill aliandika katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa nchi hizo mbili walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya neno hilo hilo, kumbe pande zote mbili zilitaka suala lizungumzwe. Siku nyingine uliza: leo, au baadaye?

"A pig in a poke" ni nini? (Msomaji, Bujumbura)

Mbuzi kwenye gunia. Wao wameweka nguruwe, Wafaransa wameweka paka.

Kila nikifungua redio nasikia "mwisho wa siku". Hicho ni Kiswahili? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo, mwalimu. Maneno ni ya Kiswahili, nahau ni "at the end of the day" iliyovalishwa kanzu. Kukopa hakunisumbui. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" nayo imefanana mno na ya Waingereza, na leo hakuna anayeiuliza pasipoti. Kinachonisumbua ni kwamba hii tumeikopa tukaiacha maana njiani. Kwao ni "ukishapima yote", kabla ya kutoa neno zito. Kwetu inasimama popote palipofaa hatimaye, mwishowe, au kimya. Juzi mchezaji mmoja alihojiwa baada ya mechi: "Mwisho wa siku tumepata pointi tatu." Mechi ilianza saa nane mchana, na jua lilikuwa bado linawaka nyuma yake.