Kidonge kinaziba mlango mmoja: barua zenu kuhusu serotonini na dawa za sonona

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu vidonge vya sonona vya lile kundi linalozuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, isifyonzwe: fluoksetini, sertralini, sitalopramu, paroksetini na jamaa zao. Tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Swali: Shikamoo daktari. Niliambiwa nina sonona kwa sababu serotonini yangu imepungua. Naomba kujua kipimo cha damu cha kuthibitisha hilo kinaitwaje, maana sipendi kumeza dawa kwa kubahatisha.

Jibu: Marahaba. Kipimo hicho hakipo, na atakayekuuzia anakula hela yako bure. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni, ambako seli za ukuta wa utumbo huitengeneza kwa kazi ya kusukuma chakula. Inayopenya kwenye damu hubebwa na chembe sahani, vile vijichembe vinavyogandisha damu. Ya ubongoni ni nyingine kabisa. Hutengenezwa humo humo kutokana na triptofani (kijenzi cha protini kitokacho kwenye chakula), na seli laki chache tu zilizo katika shina la ubongo, ingawa nyuzi zake hutambaa hadi karibu kila pembe. Serotonini ya damuni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kwa hiyo kuipima ni kupata habari za utumbo. Hospitali hupima serotonini, au mabaki yake kwenye mkojo, zinapotafuta aina fulani ya uvimbe wa utumbo. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo: dalili zipi, kwa muda gani, na zimekwamisha nini katika maisha.

Hadithi ya "upungufu" ina asili yake. Miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa, kisha ikagundulika kwamba dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na kemikali za jamii yake. Watu wakahesabu kinyumenyume: kama kuiongeza kunasaidia, basi ugonjwa ni kupungukiwa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2022 hayakukuta ushahidi thabiti wa hilo. Hata hivyo usikimbilie kusema dawa ni maji matupu. Mtu mzima wa afya akinyweshwa mchanganyiko maalumu unaomshushia triptofani, serotonini yake hupungua kwa saa chache wala hapati sonona. Aliyepona kwa dawa za kundi hili akinyweshwa mchanganyiko huo huo, huzuni inaweza kumrudia siku hiyo hiyo. Mguu haukuvunjika kwa kukosa magongo, lakini ukimnyang'anya magongo anayeyaegemea, ataanguka.

Swali: Nina miaka 23. Leo ni siku ya sita natumia sertralini miligramu 50. Kichefuchefu, tumbo linaharisha, usingizi umekata, na moyo uko pale pale. Niiache?

Jibu: Usiiache kwa sababu ya tumbo, ila soma hadi mwisho wa jibu hili.

Seli mbili za neva zinapokutana hazigusani. Gawanya milimita moja mara 50,000. Kipande kimoja ndicho upana wa mwanya uliopo kati yake. Seli ya kwanza humwaga serotonini kwenye mwanya, ya pili huipokea kwa vipokezi vyake, kisha protini iliyo kwenye ngozi ya seli ya kwanza huifyonza irudi ndani kutumika tena. Protini hiyo tuiite kifyonzi. Dawa yako inafanya jambo moja tu: inakaa kwenye kifyonzi na kukiziba. Kazi hiyo huanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza.

Tatizo ni kwamba kifyonzi hicho hicho kiko pia kwenye utumbo. Serotonini ikizidi huko, hugonga vipokezi vya aina ya tatu vilivyo kwenye ncha za neva za tumbo, nazo hupeleka taarifa hadi eneo la ubongo linaloamrisha kutapika. (Ondansetroni, dawa ya kichefuchefu, huziba vipokezi hivyo hivyo.) Utumbo huzoea ndani ya wiki moja hadi mbili. Meza dawa ukiwa umekula, na kwa kuwa usingizi umekata, imeze asubuhi. Wengi huanzishiwa miligramu 25 kwa wiki ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Muulize aliyekuandikia kama unaweza kurudi hapo kwa siku chache.

Moyo unachelewa kwa sababu ubongo unajibu mapigo. Kwenye kiwiliwili cha zile seli za shina la ubongo kuna vipokezi vya aina ya 1A ambavyo kazi yake ni breki: serotonini ikijaa jirani, vinaiambia seli ipunguze kufyatua. Kwa hiyo siku za mwanzo kifyonzi kimezibwa, lakini bomba nalo limekazwa. Kadiri wiki zinavyopita breki hizo hupoteza makali, seli hurudi kufyatua kama zamani huku kifyonzi kikiwa bado kimezibwa, na hapo ndipo serotonini hupanda kule mbali nyuzi zinakoishia. Maelezo haya yametoka zaidi kwa panya wa maabara, lakini yanaendana na yanayoonekana kwa wagonjwa: nafuu ndogo inaweza kuonekana wiki ya pili, uamuzi wa haki hufanywa kati ya wiki ya nne na ya sita. Ukifika wiki ya nne bila badiliko lolote, hata dogo, rudi kwa daktari.

Sasa la muhimu. Ukianza kuhangaika mwili mzima, huwezi kukaa wala kusimama, au ukapata mawazo ya kujidhuru, hiyo si ya kusubiri izoeleke. Mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwa watoto na vijana mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24, nawe umo.

Swali: Nilitumia sitalopramu miligramu 20 kwa miaka miwili. Nilishusha hadi 10 kwa wiki mbili, sikuhisi kitu, nikaacha kabisa. Siku ya nne nikaanza kupigwa kama shoti za umeme kichwani nikigeuza macho, kizunguzungu, hasira, ndoto za ajabu. Je, sonona imerudi?

Jibu: Kwa maelezo yako, hapana. Huo ni mwili unaodai dawa uliyoiondoa haraka. Ulichokosea ni hesabu, na hesabu yenyewe inawadanganya hata waandishi wa dawa.

Picha za ubongo zilizopima vifyonzi zinaonyesha kwamba sitalopramu miligramu 40 huziba takriban asilimia 86 ya vifyonzi, na 20 huziba kama 80. Umeongeza dozi maradufu, umepata asilimia sita. Ukishuka hadi miligramu 9 hivi bado umeziba kama 70. Ukifika 5 na kitu, ni 60. Miligramu 3.4 ni nusu. Hata chini ya miligramu moja bado kuna asilimia 20. Kwa hiyo uliposhuka kutoka 20 hadi 10 uliteremka ngazi moja fupi, ndiyo maana hukuhisi kitu. Uliporuka kutoka 10 hadi sifuri ulijitupa kutoka ghorofani.

Njia iliyo salama ni kurudia dozi ya mwisho uliyokuwa salama nayo, kwa ushauri wa daktari, na dalili kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Kisha shuka tena kwa ngazi zinazozidi kuwa ndogo: 10, 5, 2.5, halafu 1 na kitu, kila moja kwa wiki mbili hadi nne, na ukisumbuka unabaki ulipo hadi utulie. Vidonge haviwezi kukatwa kwa usahihi huo; omba dawa ya maji na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Wengi hujaribu kumeza siku moja na kuruka moja. Kwa sitalopramu ni kosa, kwa sababu nusu yake hutoka mwilini kwa saa 35 hivi, na ukiruka siku unajipandisha na kujishusha kila baada ya saa 48. Kwa paroksetini, inayopungua nusu kwa takriban saa 21, na venlafaksini ambayo hupungua haraka zaidi, ni vibaya zaidi. Fluoksetini ndiyo pekee inayosamehe: zao lake hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hujishusha lenyewe.

Kutofautisha: dalili za kuacha huja ndani ya siku chache, huambatana na shoti na kizunguzungu, na hukatika haraka ukirudia dawa. Sonona hurudi taratibu, wiki hadi miezi, bila shoti.

Swali: Mama ana miaka 68. Anatumia fluoksetini, na majuzi aliongezewa diklofenaki ya magoti. Ana michubuko mikononi bila kujigonga, na jana alisema choo ni cheusi kama lami. Vinahusiana?

Jibu: Mpeleke hospitali leo, na umalizie kusoma njiani. Choo cha lami ni damu iliyovuja juu tumboni.

Chembe sahani haziwezi kujitengenezea serotonini. Huifyonza kutoka kwenye damu kwa kifyonzi kile kile, na kuimwaga mahali penye jeraha ili ziitane na kugandana. Baada ya wiki chache za dawa ghala lake huwa karibu tupu. Peke yake hilo husumbua wachache. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza mawili: huzinyima chembe sahani kemikali nyingine ya kugandisha, na huchubua utando wa tumbo. Hapo ndipo damu hupata njia. Parasetamoli huwa chaguo salama zaidi kwa magoti, na pale ambapo diklofenaki haikwepeki, daktari huongeza dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, awe mwangalifu mara mbili.

Mkiwa huko ombeni pia kipimo cha sodiamu. Kwa wazee, hasa wanaotumia dawa za kukojosha, dawa hizi zinaweza kufanya mwili ushikilie maji na sodiamu ya damu ikashuka, kwa kawaida katika wiki za mwanzo. Huonekana kama uchovu, kuchanganyikiwa, kuyumba na kuanguka, na nyumbani watu husema ni uzee.

Swali: Natumia paroksetini. Nimevunjika mkono nikapewa tramadoli. Mfamasia amekataa kuniuzia. Ana haki?

Jibu: Anayo, na mshukuru. Tramadoli nayo huziba kifyonzi. Isitoshe, paroksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tramadoli kuwa kituliza maumivu chenye nguvu, kwa hiyo maumivu yanabaki na serotonini inazidi. Omba dawa nyingine ya maumivu.

Serotonini ikizidi kupita kiasi, dalili huanza ndani ya saa chache, mara nyingi kabla ya saa 24: kutetemeka, jasho, kuhara, mapigo ya moyo kwenda mbio, mboni kutanuka, kuhangaika. Ishara ya kipekee iko mguuni. Ukikunja ghafla wayo kuelekea juu na kuushikilia, kifundo kinarukaruka chenyewe mara kadhaa. Ukiona hivyo, au joto kali na misuli kukakamaa, acha dawa zote hizo na uwahi hospitali. Wengine wa kuwaogopa ni linezolidi (antibiotiki), dekstromethofani iliyo kwenye dawa za kikohozi, na mmea wa St John's wort unaouzwa kama tiba ya asili. Zile dawa za zamani zinazozuia kimeng'enya cha kuvunja serotonini hazichanganywi kabisa: siku 14 zipite katikati, na kutoka fluoksetini kwenda huko ni wiki 5.

Swali: Ndizi zina serotonini. Nile ngapi?

Jibu: Kadiri upendavyo. Hiyo serotonini haivuki kwenda ubongoni.

Swali: Naona aibu kuuliza. Tangu nianze sertralini miezi mitatu iliyopita nina nafuu kubwa, lakini faragha na mwenzangu imekuwa kazi: hamu ndogo, na kufika kileleni ni mpaka nichoke. Je, itazoeleka kama kichefuchefu?

Jibu: Mara nyingi haizoeleki, na wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hii hasa. Serotonini huchelewesha kilele kwenye ubongo na uti wa mgongo; ndiyo maana dapoksetini, ndugu ya dawa yako anayedumu saa chache, hutumiwa na wanaume wanaomaliza upesi. Kwa wachache tatizo huendelea hata baada ya kuacha, kwa hiyo liseme mapema. Daktari anaweza kujaribu dozi ndogo kidogo kama nafuu imetulia, au kukuhamishia bupropioni, ambayo haigusi kifyonzi cha serotonini, au mirtazapini, ambayo kwa wengi husumbua kidogo upande huu ingawa huongeza usingizi na uzito. Usikatishe vidonge mwisho wa wiki kwa ajili ya faragha. Nusu ya sertralini huondoka kwa saa 26 hivi, na Jumatatu utaamka na shoti za mwenzako wa sitalopramu. Ukishindwa kutamka mbele ya daktari, mpe barua hii kama ulivyotuandikia sisi.