Mkono Ukikimbilia Simu: Ninavyopima Filamu Zinazovuma

Nikiulizwa kama filamu fulani inayovuma ni nzuri, siangalii nyota wala asilimia. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa wapi. Filamu ikiniteka, simu inalala ilipo mpaka majina yaanze kupanda kwenye skrini. Ikinichosha, mkono unaifuata simu wenyewe, hata kabla akili haijakubali kwamba nimechoka. Akili ina aibu zake: inajua filamu ile imegharimu mamilioni, imeshinda tuzo, na kila mtu anaisifia. Mkono hauna habari na hayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukitazama filamu, kumbuka ni kipande gani hasa kilichokufanya utafute simu. Usiridhike na kusema "ilinichosha". Rudi pale pale ujiulize wahusika walikuwa wakifanya nini, na mtengenezaji alikuwa akitaka uhisi nini. Utashangaa jinsi majibu yanavyofanana kutoka filamu moja hadi nyingine.

Chukua Jurassic World Dominion ya 2022. Nilikaa nikiwa tayari kwa dinosaria, nikaletewa nzige. Sikutanii. Sehemu kubwa ya hadithi inahusu nzige wakubwa waliotengenezwa maabara, wanaomaliza mashamba, na kampuni inayonufaika na balaa hilo. Masteringi wa zamani wamerudishwa wote, halafu wanahangaika kutafuta ushahidi wa kashfa ya kilimo. Dinosaria nao wamejaa tele, kwenye theluji hata mitaani, ila hakuna tena anayewashangaa. Wanapita tu. Mkono wangu ulianza safari mapema sana.

Sasa irudie ile ya kwanza, Jurassic Park ya Steven Spielberg, ya 1993. Inazidi saa 2, na dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Lakini kitazame kile kipande cha usiku. Mvua inanyesha, magari yamesimama, umeme umekatika. Juu ya dashibodi kuna vikombe viwili vya plastiki vyenye maji, na maji yanaanza kutetemeka. Binti anauliza mbuzi yuko wapi, maana alikuwa amefungwa pale nje. Kitu kinadondoka kwa kishindo juu ya paa la kioo: ni mguu wa mbuzi. Bado hujaona jino hata moja, na tayari umeshaacha kupumua. Tofauti ya filamu hizi mbili haitokani na teknolojia, kwa sababu ya 2022 ilikuwa na kompyuta zenye nguvu kuliko za 1993 kwa mbali. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilijua kutusubirisha.

Mahali pa pili ambapo mkono hunisaliti ni pambano la mwisho, hasa kwenye filamu za mashujaa. Hapa nitasema jambo ambalo limeshanigombanisha na watu: Black Panther ya Ryan Coogler, ya 2018, ni filamu ninayoipenda kwa dhati, na pambano lake la mwisho ni dhaifu. Killmonger ni adui wa aina tunayomkosa siku hizi, mtu mwenye hoja. Anaposimama kwenye makumbusho kule London na kumuuliza yule mtaalamu kwamba wazee wake walivipataje vitu vya Waafrika vilivyomo ndani ya kabati za vioo, unajikuta umeshahamia upande wake kabla hajafanya ubaya wowote. Mavazi, muziki na mandhari vilishinda tuzo 3 za Oscar, na kila moja ilistahili. Filamu yenyewe ikawa ya kwanza ya mashujaa wa katuni kuteuliwa kuwania tuzo ya Filamu Bora. Kisha tunashushwa chini ya ardhi, kwenye reli, na miili miwili ya kompyuta inajiviringisha hewani kama haina uzito. Hoja yote ya Killmonger inasimamishwa ili tutazame ngumi. Inarudi baadaye, wanapokaa kutazama jua likizama, na simu inawekwa chini tena.

Kuipenda filamu na kuitaja ilipovunjika si usaliti. Mashabiki wengi hawalikubali hilo. Kwao ama umeipenda yote au wewe ni adui.

Kipande cha tatu ni utani unaoingia pasipotakiwa. Thor: Love and Thunder ya 2022 ina mwanamke mwenye saratani iliyofika hatua ya mwisho, na ina mbuzi wanaopiga mayowe kwa ajili ya kutuchekesha. Vyote viwili vingeweza kufanya kazi. Ila kila nikianza kumhuzunikia Jane, mtu anatia mzaha, kana kwamba waliotengeneza wanaogopa nisije nikahisi kitu. Kwenye filamu hiyo simu niliishika mchana kweupe.

Watu hudhani dawa ya kuchosha ni hadithi nzito yenye mizunguko mingi. Si kweli, na ushahidi wangu mkubwa ni Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya 2015. Hadithi yake unaweza kuimaliza kwa pumzi moja: wanakimbia jangwani, wanageuza, wanarudi walikotoka. Maneno ni machache mno. Hata hivyo sikumbuki kama nilikuwa na simu siku ile. Nilipoirudia kwa utulivu ndipo nikaona siri mojawapo. Picha hukatwa haraka haraka, lakini kitu muhimu karibu kila mara kimewekwa katikati ya skrini: uso, bunduki, mkono unaoshika usukani. Jicho lako halihangaiki kutafuta, linakaa palepale na vurugu zinaletwa mbele yake. Margaret Sixel, aliyeihariri, alipata Oscar kwa kazi hiyo, moja kati ya 6 ilizotwaa filamu hiyo. Linganisha na filamu nyingi za mapigano ambazo kamera inatikisika na picha zinakatwa ovyo hadi hujui nani kampiga nani. Macho yakichoka kutafuta, yanahamia kwenye skrini ndogo. Halafu tazama tena yale magari yakipinduka kwenye mchanga. Sehemu kubwa ilipigwa katika jangwa la Namibia, kwa magari ya kweli na watu wa kweli juu yake, na unaona kabisa kwamba kitu kikianguka kinaumiza.

Nizungumzie asilimia kidogo, kwa sababu ndizo zinazotuponza wengi. Ule mtandao wa Rotten Tomatoes hautoi alama ya ubora. Unahesabu ni wahakiki wangapi kati ya mia wametoa maoni ya kuridhika, basi. Wahakiki wote wakisema "si mbaya, inatazamika," filamu inapata 100%. Nyingine ikigawanya watu, nusu wakaiita ya mwaka na nusu wakaichukia, inapata 50%. Mimi hiyo ya pili ndiyo naitafuta kwanza. CinemaScore nayo, kampuni ya kura za maoni inayotoa alama za herufi kuanzia A hadi F, huwauliza watazamaji wa Marekani siku ya kwanza filamu inapoanza kuonyeshwa, yaani wale waliokuwa na hamu nayo kuliko wote. Watu wa namna hiyo huwa wakarimu, kwa hiyo B kwao si sifa, na D ni matusi.

Joker: Folie à Deux ilipata hiyo D mwaka 2024, wakati ile ya kwanza ya 2019 ilipita dola bilioni 1 kwa mauzo. Nitaitetea kidogo: Joaquin Phoenix bado anaigiza kwa mwili wote, mpaka mbavu zake zinaigiza. Lakini imejaa nyimbo, na nyingi zinaisimamisha hadithi badala ya kuisukuma. Juu ya hayo, inaonekana kama inawakaripia watu walioipenda ya kwanza. Mtu kalipa kiingilio, halafu anaambiwa alikosea kupenda. Hasira yao naielewa.

Upande wa pili yuko Venom, ya 2018. Wahakiki wengi waliiponda, ikaingiza zaidi ya dola milioni 850. Nami ni mmoja wa waliofurahi. Kuna kipande Tom Hardy anaingia mgahawani akiwa anaungua homa, anavuruga meza za watu, mwishowe anapanda ndani ya tangi la kambamti na kuanza kutafuna mmoja mzimamzima huku wateja wakimtazama. Ni upuuzi mtupu, na yeye anaufanya kwa moyo wote, hajifanyi kuwa juu yake. Sioni sababu ya kusema "naipenda ila naona aibu". Umecheka, umecheka.

Pesa pia haisemi kama watu walifurahia, kwani tiketi hununuliwa kabla ya kutazama. The Lion King ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Ukitaka kujua ilikopungukiwa, weka kando kila kitu utazame tu pale Simba anapomkuta baba yake amelala bondeni. Katika ile ya 1994, iliyochorwa kwa mkono, nyusi zinapanda, mdomo unatetemeka, masikio yanalala. Katika hii mpya simba ni kama wa kweli kabisa, na simba wa kweli hana uso wa kulia. Sauti inaomboleza, sura imetulia tuli. Walifanikiwa kwa walichokusudia, na mafanikio hayo ndiyo yaliyoua kile kipande.

Kuhusu trela, tazama ya kwanza tu. Za mwishomwisho hutolewa kwa wasiwasi wa mauzo, na humwaga kila kitu. Trela ya Terminator Genisys ya 2015 ilifichua wazi kwamba John Connor amegeuka adui, jambo ambalo filamu yenyewe ilikuwa imelijenga kama mshtuko. Nyingine zinaahidi filamu ambayo haipo. Drive ya 2011 ilitangazwa hivi kwamba mtazamaji mmoja huko Marekani aliwashtaki wasambazaji, akidai alitegemea mbio za magari akakuta kitu kingine. Na kwa Yesterday ya 2019, watazamaji wawili walikwenda mahakamani kwa sababu Ana de Armas alionekana kwenye trela lakini vipande vyake vilikuwa vimekatwa kwenye filamu. Desemba 2022 jaji aliruhusu shauri hilo liendelee. Kwangu Drive ni filamu safi sana, ya kimya na ya taratibu. Ila ukiingia ukitegemea Fast & Furious, lazima utoke umenuna, na si kosa lako.

Na kwa kuwa nimeitaja Fast & Furious: mfululizo ule ulianza 2001 na vijana wa mtaani wanaoiba vifaa vya elektroniki kwenye malori. Kufikia F9 ya 2021 gari linakwenda anga za juu. Watu wengi wanalalamikia anga. Mimi pale nilicheka kwa raha. Kilichonikera ni Han, aliyekwisha kufa, kurudi akiwa mzima na vitafunio vyake mkononi. Steringi hafi, hilo tulishakubaliana tangu utotoni. Lakini ikiwa hata rafiki wa steringi hafi, na aliyekufa anarudi, basi gari likipinduka nina haja gani ya kukaza macho? Fast Five ya 2011, pale wanapoburuta sefu la pesa barabarani huko Rio de Janeiro wakibomoa kila kitu, ilikuwa na wazimu uleule na bado ningeogopa kwa ajili yao.

Sehemu za pili na za tatu zina kanuni yangu fupi: natazama kama hadithi ilikuwa imebaki. Kitabu kimoja, tena si kinene, kilitolewa filamu 3 za The Hobbit kati ya 2012 na 2014, na uchovu unauona kwenye vita vya mwisho visivyokwisha.

Mtu akikuomba maoni, usimpe hukumu, mpe kipande. Badala ya "ni mbovu", mwambie "kila baada ya dakika chache wanaimba". Nilimwambia hivyo mtu mmoja kuhusu Joker ya pili, naye anapenda sana nyimbo kwenye filamu. Akaenda, akarudi amefurahi, na hakuna kati yetu aliyedanganya. Sema pia ulipoipenda, hata kama ni sekunde chache tu, kwa sababu filamu mbaya kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho ni adimu kuliko watu wanavyodai.

Halafu tafuta watu wawili watatu unaojua ladha zao. Si lazima zifanane na zako, mradi hazibadiliki. Nina jamaa yangu mmoja ambaye hatujawahi kukubaliana juu ya filamu hata moja. Akiniambia fulani ni kelele tupu na steringi wake kichaa, naitafuta usiku uleule.