Safaricom, Airtel au Vodacom? Majibu kwa wanunuzi wa hisa

Ofisini tunabishana: kati ya Safaricom na Airtel, hisa ya nani ina mbele? Mimi nasema Airtel, maana bando zake ni nafuu na wateja wanamiminika. (Msomaji, Nakuru)

Kabla ubishi haujafika mbali: Airtel Kenya haipo kwenye soko la hisa la Nairobi. Inayouzwa ni kampuni mama, Airtel Africa, iliyoorodheshwa London na Lagos mwaka 2019, na inafanya biashara katika nchi 14. Ukinunua hisa zake, bando za Nakuru ni sehemu ndogo sana ya ulichonunua. Nigeria ndiyo inayotikisa hesabu. Naira ilipoporomoka mwaka 2023, kampuni ilimaliza mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 na hasara ya dola milioni 89, huku wateja wakiendelea kuongezeka. Mapato yalikuwa ya naira, sehemu ya madeni ilikuwa ya dola. Mwaka uliofuata ikarudi kwenye faida ya dola milioni 328. Kwa hiyo anayeishabikia Airtel aanze na bei ya naira, bando baadaye.

Ukitaka kipande cha Airtel cha Afrika Mashariki, kipo Kampala: Airtel Uganda iliorodheshwa Novemba 2023 kwa shilingi 100 za Uganda kwa hisa. Hisa zilizotolewa zilipata wanunuzi kwa zaidi kidogo ya nusu tu, jambo la kukumbuka siku utakapotaka kuuza.

Faida ya Safaricom ya mwaka ulioishia Machi 2025: mmoja anasema shilingi bilioni 95.5, mwingine 69.8, mwingine 45.8. Nani mwongo? (Msomaji, Thika)

Hakuna. Bilioni 95.5 ni biashara ya Kenya peke yake. Ukitoa hasara yote ya kampuni yake tanzu ya Ethiopia, kundi zima linabaki na 45.8. Lakini Safaricom haimiliki kampuni hiyo yote. Wabia wake wanabeba fungu lao la hasara, na ukiwarudishia fungu hilo unapata 69.8. Hiyo ndiyo ya wenye hisa, na ndiyo ya kupigia hesabu.

Hisa ni takriban bilioni 40.07. Gawanya: faida ya kila hisa ni shilingi 1.74. Tuseme unanunua kwa shilingi 30; unalipa mara 17 ya faida hiyo. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, mwaka huo lilikuwa shilingi 1.20, yaani asilimia 4 ya bei yako, na kwa mkazi wa Kenya kodi ya asilimia 5 inakatwa, inabaki 1.14. Hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, zinalipa zaidi. Hivyo anayenunua kwa bei hiyo anaweka dau kwamba faida itakua, na ukuaji huo unategemea sana Ethiopia: leseni ilichukuliwa 2021 kwa dola milioni 850, mtandao ukawashwa Oktoba 2022, halafu Julai 2024 birr, sarafu ya huko, ikaachwa ielee, soko lipange bei yake, na ndani ya wiki chache dola ikapanda kutoka birr 57 hivi hadi zaidi ya 100. Vifaa vya mitambo hununuliwa kwa dola, mapato ni ya birr. Pengo hilo halijazibwa kwa kuongeza laini za simu tu.

Maoni yetu: biashara ya Kenya ni nzuri kuliko washindani wote wa ukanda huu, lakini biashara nzuri ikinunuliwa ghali haimlipi mnunuzi. Waliolipa zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021 waliiona ikikaribia 12 mwishoni mwa 2023, ingawa M-Pesa iliendelea na kazi.

Nilinunua Vodacom Tanzania kwa 850 mwaka 2017. Kwa nini ilikaa miaka bila kupanda? (Msomaji, Morogoro)

Kampuni iliingia DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kwa kulazimishwa na sheria iliyotaka kampuni za simu ziuze asilimia 25, na bei ilipangwa juu. Kisha zikafuata laini zilizofungwa kwa kukosa usajili wa alama za vidole, na tozo ya miamala ya Julai 2021 iliyowafanya watu warudie kubeba pesa taslimu. Miaka miwili mfululizo ilikuwa ya hasara. Faida imerudi, ila usiuze kwa bei yoyote ya soko: wanunuzi wanaweza kuwa wachache. Mpe dalali bei ya chini kabisa unayokubali, na uuze kwa mafungu.

M-Pesa ikitenganishwa na Safaricom, hisa si zitapaa? (Msomaji, Mombasa)

Si lazima. M-Pesa ilileta mapato ya shilingi bilioni 161.1 mwaka ulioishia Machi 2025, na bei ya leo tayari inaihesabu. Kugawa kampuni mbili hakuongezi shilingi hata moja ya faida.

Nilinunua siku moja kabla ya kufungwa daftari la wanahisa na sikupata gawio. (Msomaji, Eldoret)

Nairobi muamala hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Siku daftari lilipofungwa ili kujua nani alipwe gawio, jina lililokuwamo ni la aliyekuuzia. Nunua angalau siku tatu za kazi kabla, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hata hivyo usikimbilie gawio kwa siku chache: kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na ada za kununua na kuuza zitakula kilichobaki.